Hatua Elfu Kumi na Mbili kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Vipimo vya afya kazini leo. Presha iko juu. Muuguzi wa zahanati amekitazama kipimo, akanitazama mimi, akakitazama tena. Amesema miaka ishirini ya kukaa masjala nikisogeza mafaili inatosha, sasa nianze kukimbia. Amenipa karatasi ya wiki nane. Wiki ya kwanza: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane, siku tatu tu kwa wiki. Wiki ya nne unafika dakika tano. Na kuendelea hivyo, kidogo kidogo, mpaka nusu saa. Nimepewa pia kidude cha kuhesabu hatua, cha kufunga kwenye kifundo cha mguu.

Kaka yangu alianguka akiwa na miaka hamsini na miwili, kwenye foleni ya benki. Hakuinuka. Mimi nina hamsini na mmoja na miezi kumi. Nilipomweleza mke wangu aliacha kukunja nguo. Akasema hayuko tayari kuitwa mjane, na kwamba tangu nimuoe hajaniona nikimaliza jambo hata moja. Nimemwapia kuwa hili nitalimaliza.

Ila wiki nane! Mtu mwenye akili zake anamaliza kwa mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeruka wiki tatu za mwanzo. Hizo ni za wagonjwa. Saa kumi na mbili asubuhi nimetoka nduki, dakika tano kwa mpigo. Nguzo ya kwanza ya umeme, safi. Ya pili, nikaona nyota. Ya tatu sikuiona kabisa. Nikakaa ukingoni mwa mtaro, natweta.

Jirani yetu, Mwalimu Mstaafu, miaka sabini hiyo, akanipita akikimbia polepole kama anayetafuta funguo alizodondosha. Akaniambia kwamba mtu akishindwa kuzungumza anapokimbia, ujue amezidisha kasi. Nilikuwa na jibu kali sana. Pumzi ya kulitoa sikuwa nayo.

Nyumbani nimesema nimemaliza dakika zote tano. Mke wangu amefurahi, amefurahi kweli kweli. Furaha yake imeniuma kuliko miguu.

Jumatano, 5 Machi

Miguu imekuwa magogo. Nimeshuka ngazi kinyumenyume nikishikilia ukuta. Mke wangu amenichua kwa dawa huku akinisifu kwa kujikaza. Nimeguna kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Fundi cherehani wa ghorofa ya chini anakanyaga cherehani yake kutwa nzima. Ana oda ya sare za shule. Nimemfunga kidude mguuni, nikamwambia ofisi yetu inataka kujua kama kinafanya kazi sawasawa. Amesema haya, mradi kisimwashe.

Jioni: hatua elfu kumi na mbili! Na mimi sijavua hata viatu vya ofisi. Watu wenye kichwa kama changu, sijui tumebaki wangapi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anaandika hatua zangu kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu. Leo amenunua raba. Anasema kama mimi nimeweza, naye ataweza. Kesho anaanza.

Nimemshauri kwa moyo wote aifuate karatasi neno kwa neno. Aanze na dakika moja, asiwe na haraka, mwili si kitu cha kuchezea. Ushauri mzuri, ingawa najisifu mwenyewe. Nimemwambia pia kwamba watu wa kiwango changu hukimbia peke yao.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi najificha nyuma ya ghala la mbao, nimekalia tofali, nusu saa nzima. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kabla ya kurudi najimwagia maji kichwani, yawe jasho.

Leo nilichungulia nikamwona mke wangu akikimbia dakika yake moja. Midomo ilikuwa inahesabu. Alikuwa peke yake barabara nzima. Nilitaka kutoka nimfuate. Nikakumbuka kwamba kwa hesabu za kalenda mimi niko wiki ya tano.

Ijumaa, 14 Machi

Zahanati. Mke wangu kanisindikiza. Muuguzi amezisifu hatua, halafu akapima. Presha imepanda!

Kisha akasema kwamba mtu anayekwenda hatua elfu kumi na mbili kila siku na presha bado inapanda, huenda shida iko kwenye moyo wenyewe. Ameniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa moyo, hospitali kubwa.

Mke wangu alishika mkoba kwa mikono miwili. Tulipofika nje kwenye benchi akalia bila sauti, akafuta uso, akaniuliza kama kaka naye aliwahi kupewa barua.

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo. Nikamwambia tusikate tamaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewaza kusema ukweli. Nimepata njia bora zaidi: Fundi ashone nusu siku tu, hatua zipungue taratibu, muuguzi aone ni uchovu. Nimemwomba. Amekataa katakata. Sare zinatakiwa Jumatatu.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu amekwenda kwa Fundi kupunguziwa gauni. Gauni jeusi. Sikuthubutu kuuliza la nini. Amekiona kidude mguuni mwa Fundi, na Fundi, mtu asiye na hila, akamweleza yote kwa fahari: anaisaidia ofisi yetu.

Amerudi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema tangu juzi amekuwa akinililia jikoni nikiwa hai, bomba likiwa wazi ili nisimsikie. Amesema yeye hataacha kukimbia, maana watoto wanahitaji mzazi mmoja atakayebaki. Halafu akaibandua kalenda ukutani, akaenda kulala chumba cha watoto.

Jumatatu, 17 Machi

Zahanati tena. Muuguzi ameshapigiwa simu na mke wangu. Hakunigombeza. Hospitali niende vilevile. Na karatasi mpya: wiki ya kwanza, dakika moja.

Asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni mke wangu alipopita na Mwalimu Mstaafu. Ameingia wiki ya pili, dakika mbili. Walikuwa wanakimbia na wanazungumza. Alipita bila kugeuza shingo.

Aliporudi aliniuliza, macho yakiwa kwenye kamba za raba zake, kama kesho nitaanza kweli. Nimesema ndiyo, na safari hii sikudanganya. Naogopa kufa. Nimeliandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Ila dakika moja, mtu mzima mimi! Mke wangu yuko mbili. Kesho naanza na tano, ili nimkute.