Muhuri wa Kaimu

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama wanatangaziwa furaha kubwa: mpira hautakatwa tena kienyeji. Ukataji wote wa mpira, uchongaji wote wa mpira na utoboaji wowote wa mpira kwa ajili ya mapambo, picha za sato, maua ya vitambaa na kadi za harusi, sasa utafanywa kwa kibali cha Kitengo cha Kudhibiti Ukataji na Uchongaji wa Mpira, kilichopo Iringo, juu ya duka la nyavu. Asiyeona faida ya jambo hili hajawahi kumkuta mtu amekaa sebuleni kwake, hana kibali, anachonga ndala kuukuu huku anapiga mluzi. Nchi haiwezi kwenda hivyo.

Kiongozi wa kitengo ni Bwana Leodgar Masatu, mtu wa suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Cheo chake kamili ni Kaimu Mkuu wa Kitengo, na hilo neno la kwanza lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikaimu Kitengo cha Madaftari Yasiyotumika. Akakaimu Idara ya Foleni Fupi. Alianza kukaimu mtoto wake wa mwisho akiota meno, na mtoto huyo sasa ananyoa ndevu. Kanisani wakisoma matangazo wanasema "familia ya Mzee Kaimu." Mama mkwe wake kule Bugwema anaamini ni jina la ukoo, na amemwita beberu wake Kaimu kwa heshima. Leodgar alikuwa na hofu moja tu duniani: kwamba siku akifa watamwandika Kaimu Marehemu.

Kwa hiyo ilipokuja simu kwamba Mama Debora, Mratibu wa Kanda, anafika Ijumaa kukagua, na kwamba akikuta vibali vinatoka atamthibitisha palepale, mzee wa watu alifunga mlango wa ofisi akacheza kidogo. Halafu akakumbuka kwamba kitengo hakijawahi kutoa kibali hata kimoja. Kibali kinataka muhuri. Muhuri ni mpira. Na mpira haukatwi bila kibali.

"Hapo bosi tumejifungia nje, funguo ziko ndani," alisema Brenda, katibu muhtasi wake. Brenda ana akili nyingi, ila huzitumia kulingana na ngazi yake ya mshahara.

Kikao cha dharura kiliitishwa, wajumbe wakiwa Leodgar na Brenda, na kikazaa kitu kinachoitwa Kibali cha Mdomo. Akapewa Gati, achonge muhuri wa ofisi.

Gati ni binti mchongaji, mzaliwa wa Buswahili, mwenye kibanda chake hapo hapo Iringo, na mdomo wake haujawahi kupumzika. Anachonga soli za ndala kwa ubavu wa chuma wa mwavuli aliounoa kwenye jiwe ukawa kisu. Anapaka maji ya sabuni ili kisu kiteleze, na akifika kwenye kona kisu kinatulia, mpira ndio unaozungushwa. "Mimi nikikuchongea samaki," anapenda kujisifu, "paka anafuata karatasi." Naye alikuwa na haraka zake, maana alishika oda ya kugonga maua kwenye vitambaa vya harusi Butiama na bila kibali asingeweza kuchonga hata petali moja.

Maagizo ya muhuri yalikuwa mepesi. Mstari wa chini: MKUU WA KITENGO. Mstari wa juu: KAIMU. Leodgar aliomba hilo la juu liwe dogo kama dagaa, lakini waraka wa Kanda ulitaka liwe kubwa kuliko yote, mwananchi asije akadanganyika.

Jumanne Gati akaleta kazi. Leodgar amegonga mihuri maisha yake yote lakini hakuwahi kuutazama hata mmoja usoni. Aliuchukua huo, akaupindua, akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Gati. Hapa umeandika nini?"

"Ulichoniagiza, mzee."

"Mimi nilikuagiza uniandikie UMIA?"

Na kweli bwana. Pale mpirani, kwa herufi kubwa zilizokwenda shule, palisomeka UMIA, kisha mwishoni K moja imewapa watu mgongo kama iliyonuna.

"Ah, ngoja, mzee. Muhuri tunauchongaga kinyume ili—"

"Kinyume! Brenda, andika, amekiri mwenyewe. Serikali haifanyi kazi kinyume."

"Basi gonga kwanza kwenye karatasi uone."

"Nigonge laana kwenye karatasi ya umma? Binti, nimekukosea nini? UMIA hii si ya bahati mbaya. Umetumwa wewe!"

Gati akamtazama Brenda. Brenda akatazama dari. Suala lilikuwa juu ya ngazi yake.

"Haya, mzee unataka isomekeje?"

"Isomeke KAIMU. Hapa, kwenye mpira, kutoka kushoto kwenda kulia, kama watu wenye akili zao wanavyosoma."

"Kwenye mpira wenyewe?"

"Kwenye mpira wenyewe!"

"Na hutasema sikukwambia?"

"Sitasema."

"Sawa. Mteja akitaka jeneza lenye madirisha, mimi naulizaga tu pazia la rangi gani." Akabeba kisu chake cha mwavuli akaondoka.

Jumatano muhuri wa pili ulifika, na ulisomeka mpirani vizuri mno, KAIMU imenyooka. Leodgar aliufurahia mpaka akampa Gati mkono. Mteja wa kwanza alikuwa tayari yuko mlangoni: kijana anaitwa Clever, kapteni wa timu ya mtaani Bunda, ambaye alisikia kumefunguliwa Kitengo cha Mpira akaja kuomba jezi.

"Jezi hatuna," alisema Leodgar, "lakini kibali utapata." Vibali vilikuwa vinahitajika kabla ya Ijumaa, hata kwa mtu asiyevitaka. Akapumulia muhuri, akagonga kwa nguvu zote za dola.

Clever akainua karatasi yake. "UMIA," akasoma.

Chini, kwenye duka la nyavu, mtu alikuwa anabishana kuhusu ukubwa wa matundu.

"Mzee, mmejuaje?" Clever akauliza. "Beki wangu kavunjika mguu Jumapili! Na huu mstari wa chini, OGNETIK AW UUKM, ni Kijaluo?"

"Ni utaratibu," alisema Leodgar, na jasho likimtoka hadi kwenye soksi.

Sasa hapo mtu mwingine angeita fundi, angecheka kidogo, muhuri ungechongwa upya na mambo yangekwisha. Lakini Leodgar alikuwa ameagiza mbele ya mashahidi, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Afisa anayekosea muhuri hathibitishwi. Afisa anayeanzisha mfumo hupandishwa cheo. Akamwambia Brenda achape tangazo: vibali vyote vya mpira vitasomwa kwa Uhakiki wa Kuakisi, na kila mwananchi aje na kioo chake.

Wee! Alhamisi foleni ilishuka ngazi, ikapita duka la nyavu, ikakunja kona. Kila mtu kioo mkononi. Kina mama walikuja na vioo vya mikoba, na wakingoja zamu wakarekebisha vilemba, hata foleni ikawa inapendeza kuliko harusi. Mzee mmoja alikuja amebeba kabati zima kwa sababu kioo kilikataa kutoka. Vioo vya bodaboda vilianza kupotea, ikabidi madereva waving'oe wenyewe na kutembea navyo mifukoni. Waliokosa kioo walirudi nyumbani na karatasi iliyowaambia wazi UMIA, na wengi walisema kwa mara ya kwanza ofisi imewaambia ukweli. Mstari wa chini uliendelea kusumbua: Wajaluo waliapa ni Kikurya, Wakurya wakasema hapana, hicho kitakuwa Kiingereza.

Gati naye alipata kibali chake. Alikitazama bila kioo, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akakimbilia vitambaa vyake.

Ijumaa Mama Debora akashuka kwenye gari, mwanamke mrefu, mpole, asiyecheka. Akapita kando ya foleni nzima ya vioo, jua likimpiga machoni kutoka kila upande. Leodgar alimpokea juu.

"Bwana Masatu, hawa watu wanajitazama nini?"

"Mheshimiwa, huo ni Uhakiki wa Kuakisi. Mghushi akijaribu kuiga muhuri wetu, kioo kinamuumbua."

Uongo huo ulimtoka mzima mzima, umevaa na viatu. Mama Debora akachukua kibali, akaomba kioo, akasoma polepole. Leodgar akaanza kumkumbuka Mungu.

"Kwa miaka yangu yote kazini," alisema Mama Debora, "sijaona ubunifu kama huu. Kanda nzima itaiga. Muhuri huu naupitisha kama ulivyo."

Furaha ilimpanda Leodgar mpaka masikioni. Akamwona mkewe akimwita Mkuu. Akalisikia tangazo la kanisani likisomwa sawasawa. "Asante, Mheshimiwa. Basi, kuhusu ule uthibitisho, lile neno la juu tutaliondoa leo leo, fundi yupo hapo chini."

"Neno gani?"

"Kaimu."

Mama Debora akashusha kioo. "Bwana Masatu, nimekwisha kuupitisha kama ulivyo. Umetoa vibali foleni nzima. Neno moja likibadilika kwenye muhuri, vibali vyote hivi ni batili. Utawaambia nini watu na vioo vyao?"

"Lakini Mheshimiwa, nikithibitishwa sitakuwa kaimu tena."

"Ndiyo. Na muhuri utakuwa unasema uongo."

Leodgar aliona mlango unafungwa, na mwenye kuusukuma ni yeye. "Mheshimiwa, kusema ukweli wa Mungu, ule mfumo... ulitokana na kosa dogo."

"Kosa la nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kutokea, imenyooka, haina hata jiwe. Neno moja tu lilitakiwa, nalo ni "langu." Leodgar alifungua mdomo.

"La vioo," akasema.

"Basi vioo vitapewa semina," alisema Mama Debora, na msaidizi wake akaandika. "Nimekuja kukuthibitisha na sitaondoka bila kukuthibitisha. Kwa kuwa muhuri haubadiliki, na wewe hutabadilika. Kuanzia leo wewe ni Kaimu wa Kudumu. Hakuna mwingine nchini mwenye cheo hiki. Hongera."

Watu walipiga makofi, na vioo vikapigiana mwanga mpaka dari likameremeta. Leodgar alipiga makofi pia, maana mikono ilikuwa imezoea.

Barua ya uthibitisho ikawekwa mezani, na kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka ofisini ile bila muhuri, ilibidi aigonge mwenyewe. Akapumulia mpira. Akagonga. Akainama juu ya wino mbichi, akabaki hapo muda mrefu.

"Bosi," alisema Brenda kwa huruma ya kweli, iliyopita ngazi yake kabisa, "nikuletee kioo?"

"Kaa nacho tu, mama. Huu wa leo nimeusoma vizuri."