Vita vya Grisi Katika Kiwanda cha Sabuni

Sogeeni, enyi mliokwisha kushika spana na ninyi msioijua, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika kiwanda cha sabuni, vita ambavyo havikumwaga damu ila viliichafua sakafu vibaya sana.

Alikuwapo fundi mmoja, mwanamke mwenye moyo wa simba na ovaroli iliyomzidi ukubwa, aliyetwikwa na meneja jukumu la kuweka utaratibu wa kulainisha mashine zote: ipi itiwe nini, kiasi gani na lini. "Mota ya kuchanganyia ni mpya," alinena meneja. "Ikiungua na hii, zamu ya usiku naifunga." Na mume wa fundi alikuwa zamu ya usiku.

Basi shujaa akazizunguka mashine kwa brashi ya rangi, akitia alama nyekundu kwa grisi, buluu kwa oili, na siku ya kila moja pembeni. Hata zile za kimya, zilizosahaulika tangu enzi na enzi, zikapata haki yao. Akabaki adui mmoja tu, naye alikuwa baba mkwe wake.

Mzee huyo, mwangalizi wa mota ile, aliishindilia grisi kila asubuhi kwa mapenzi, kama anayemlisha mjukuu asiyejua kusema nimeshiba. Beringi zilijaa, zikapata joto, na mota zilizotangulia zikaungua. Nani angemwambia? Huwezi kumkemea baba mkwe mchana, kisha jioni umpakulie chakula.

Akamwendea kwa adabu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipaka rangi na mimi?"

"Hapana, baba. Watu wanachezea grisi. Natafuta mtu mkali ashike ufunguo wa kabati. Siku ya mashine haijafika, grisi haitoki."

"Hata akija meneja?"

"Hata aje nani."

Mzee akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Asubuhi yake akafungua kabati, akatwaa bomba la grisi, akaiendea mota yake mpenzi. Akainama kusoma. Siku haijafika. Akaguna, kisha akajiambia kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mizani ya kupimia sabuni, "Mzee, rudisha hilo bomba." Akarudisha, akafunga, amenuna.

Mota ikazunguka kutwa bila joto, na mume akajiandaa kwenda kazini kama kawaida.

"Leo nimemnyima mtu grisi," mzee alisema jioni, akinawa mikono. "Mbishi kweli kweli."

"Umefanya vyema, baba," akajibu shujaa, akimwongezea mchuzi.

Na iandikwe, vizazi visome: siku hiyo tukufu, mota haikutiwa kitu.