Gwakisa na Wiki Tano za Kutopanda Dahlia

Jongeeni, enyi mliochoshwa na habari za wafalme na vita vyao, wekeni vikombe chini na punguzeni sauti ya televisheni, mpate kusikia habari za Gwakisa mwana wa Mwaisaka, mzaliwa wa Tukuyu, mshika ufagio wa madarasa ya chuo cha mji wa Annandale huko Marekani, mtawala wa bustani yenye upana wa magodoro mawili, ambaye katika majira ya kuchipua ya mwaka wa tisini na saba alitenda tendo lisiloandikwa na mwanahistoria yeyote, kwa kuwa hakuna mwanahistoria aliyealikwa. Gwakisa alisubiri. Alisubiri wiki tano, kisha akafukia viazi vitatu.

Asili ya mambo ilikuwa hivi. Elieth, mke wa shujaa, na Jeptoo, mke wa jirani yao Mugo, walikuwa wakipokezana zamu za kumtunza bibi mmoja wa mji jirani wa Fairfax aliyeitwa Mama Hutchins. Bibi huyo alikuwa amelea ua la aina moja kwa miaka thelathini na mmoja, dahlia nyekundu kubwa kama sahani ya wali. Kila mwaka baridi ilipoingia alivichimbua viazi vya maua yale na kuvilaza ndani ya sanduku la unga wa mbao, na kila mwaka joto liliporudi akavipanda tena. Lakini kipupwe hicho miguu ilimwasi. Nyumba ikauzwa, yeye akahamishiwa makao ya wazee, na wenye nyumba wapya wakamimina zege pale penye bustani ili wapate pa kuegesha gari la pili. Katika ufalme wote ule vilibaki viazi sita. Akampa Elieth vitatu, Jeptoo vitatu, akawaonya kwamba wasivitie ardhini kabla udongo haujafika joto la nyuzi sitini za Kimarekani, kwani vitaoza, na vingine havipo duniani.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili jua lilitoka na hila zake zote. Watu wa Annandale walivaa kaptura. Hapo ndipo alipojitokeza Mugo, simba wa Nyeri, dereva wa teksi, mtu ambaye hajapata kukosea kwa maelezo yake mwenyewe, akiwa na jembe begani na viazi vitatu katika mfuko wa plastiki. Akasimama kwenye uzio wa mbao unaotenganisha bustani mbili, akahutubia.

"Gwakisa, babangu alilima, na babake alilima. Jua ndio hili, mchanga ndio huu. Sasa mtu angoje nini? Atumiwe barua?"

Gwakisa alisimama wima kadiri mgongo wa mpiga deki unavyoruhusu, akajibu kwa utulivu wa majemadari. "Ndugu Mugo, jua nimeliona, na halina ubaya. Lakini kiazi hakikai juu huko. Kiazi kinalala chini, na huko chini Februari haijaondoka."

Mugo akacheka, akapanda. Gwakisa akaingia jikoni, akatwaa kipimajoto cha nyama, kile cha kuchomeka kwenye kuku wa oveni, akatoka nacho, akapiga magoti, akakichomeka ardhini mpaka kwenye shingo. Nyuzi arobaini na sita. Akakifuta, akakirudisha kwenye droo, na Elieth, aliyeyaona yote dirishani, akamnunulia kuku kipimajoto kingine.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa moja, kabla ya kwenda kazini, shujaa alipiga magoti mahali palepale. Majirani walimwona ameinama amegusa ardhi kwa paji la uso, kwa sababu namba za kipimajoto zilikuwa ndogo na macho yake si ya ujana, na haikuchukua muda ikasemwa kanisani kwamba Gwakisa amebadili dini. Mchungaji alimpigia simu, akamuuliza kwa upole kama kuna jambo moyoni. Gwakisa akamjibu kwamba lipo, ni nyuzi arobaini na tisa.

Dhihaka za Mugo hazikumtikisa. Kilichomtikisa kilitoka ndani ya nyumba yake. Jioni moja katikati ya Aprili Elieth alirudi kutoka kwa Mama Hutchins, akakaa mezani bila kuvua koti. Alikuwa na desturi ya kumwita mumewe kwa jina la binti yao, na siku hiyo aliita kwa sauti ya chini.

"Baba Tusa, yule bibi hali vizuri siku hizi. Kila nikienda ananiuliza kama yamechipua. Nikimwambia bado, anageukia ukutani. Akiondoka kabla hayajatoka, nitamwambia nani?"

Tukufu ni jemadari anayeusikia mlio wa mizinga asikimbie. Lakini hakuna mzinga uliopata kusema maneno kama hayo. Gwakisa alichukua jembe, akatoka, akaliinua juu, mikono yake ya mtoto wa mkulima ikiwasha kwa hamu ya kupanda. Kisha akapiga magoti, akapima. Nyuzi hamsini na tatu. Alikaa pale mpaka suruali ikalowa magotini, akiwaza uso wa bibi uliogeukia ukutani. Hatimaye akaliegemeza jembe ukutani, akarudi ndani, akamwambia mkewe kwamba akivipanda leo atampa bibi furaha ya siku moja. Elieth akavua koti, akaenda kulala.

Na siku ya sita baada ya hapo adui akaja. Jalidi, ule unga mweupe wa barafu unaoketi juu ya nyasi, ilishuka Annandale bila tarumbeta, ikafunika vioo vya magari na kaptura zilizosahauliwa kambani. Nyuma yake ikafuata mvua baridi ya siku nane. Mvua ilipokoma, Mugo alichimba mahali alipopanda, akakuta uji.

Akaja kwenye uzio bila hotuba. "Vimeoza, ndugu yangu. Vyote vitatu. Na Jeptoo bado sijamwambia."

Wapo mashujaa ambao wangecheka. Gwakisa naye alicheka, lakini aligeukia kwanza upande wa jikoni, na aliporudisha uso ulikuwa uso wa msiba. Akamwambia Mugo akamweleze mkewe leo hii, na aongeze kwamba vitatu vilivyobaki sasa ni vya nyumba mbili.

Kuanzia hapo Mugo akawa mfuasi, na mkali kuliko mtume mwenyewe. Aliegesha teksi saa moja kamili kila asubuhi ili ashuhudie kipimo. Tarehe kumi na moja Mei zilipotimia nyuzi hamsini na tisa, na Gwakisa akagusa jembe, Mugo alimshika mkono, akasema hamsini na tisa si sitini. Tarehe kumi na nne, asubuhi ya pili mfululizo ya nyuzi sitini na moja, majeshi yakaamriwa kusonga.

Vita vilichukua dakika ishirini. Gwakisa alichimba mashimo matatu yenye kina cha kiganja, akasimamisha mti wa kuegemea katika kila shimo kabla ya kiazi, ili asije akakitoboa baadaye, akavilaza viazi macho yakitazama mbinguni, akafukia. Jeptoo akaja na mpira wa maji. Mugo akakanyaga mpira, akamweleza mkewe kwamba kiazi kisicho na majani hakina kiu. Jeptoo akamtazama kwa muda mrefu, na historia imeyahifadhi mawazo yake kwa kutoyataja.

Juni ilipoanza, vikatoka vichipukizi viwili, cha tatu siku nne baadaye. Agosti, ua la kwanza likafunguka, jekundu, kubwa kama sahani ya wali. Wote wanne wakapanda teksi ya Mugo, wakampelekea Mama Hutchins, aliyekuwa bado hai na bado mkali. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akalitazama mpaka wakadhani amesinzia.

"Mlichelewa wiki moja," akasema.

Kisha akaomba lisogezwe karibu na mto, akamwamuru Gwakisa aketi, akamfundisha namna ya kuchimbua baridi itakaporudi, maana kila shina litakuwa na viazi vitano au sita, na Jeptoo ana haki ya vitatu.

Jumapili iliyofuata habari hizo zilisomwa kanisani, katika matangazo, baada ya tangazo la zoezi la kwaya na kabla ya lile la mwavuli mweusi uliookotwa. Watu walisimama, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, Mugo akainuka kueleza kwa kirefu jinsi "tulivyosubiri." Mwavuli haukupata mwenyewe siku ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisikiliza tena.