Jinsi Losalini Alivyoiteka Herufi ya Kwanza

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, wekeni vikombe chini, na mwenye safari aiahirishe. Kwani leo nasimulia jambo kubwa lililotukia mjini Suva, mji mkuu wa visiwa vyetu, Jumanne ya mvua, mwezi wa Mei, siku ambayo Losalini Naqasima, binti wa jimbo la Rewa, mbeba kalamu mbili, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uandishi wa habari, alitoka peke yake kwenda kuiteka herufi moja.

Ijulikane kwamba katika chuo chake cha mlimani alitawala Daktari Urmila Raju, mwenye wino mwekundu, na sheria yake ilikuwa moja, isiyo na rufaa: atakayekosea jina la mtu atapata sifuri, hata habari yake iwe tamu namna gani. Losalini, aliyeacha kazi ya ualimu ili aje kusoma, alikwisha kuanguka mara moja muhula ule, alipomnyang'anya kocha mmoja wa raga herufi ya mwisho ya jina lake. Sifuri ya pili ingemrudisha nyuma mwaka mzima.

Siku hiyo habari yake ilikuwa tayari: msimu wa duruka, machipukizi yale yanayopikwa kwa tui la nazi, na ndani yake kauli ya bibi mmoja muuzaji, iliyomfanya Losalini acheke peke yake kila alipoisoma: "Mwaka huu duruka zimenona kama vidole vya mchungaji wetu." Saa ilikuwa saba na nusu. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa saa tisa kamili.

Ndipo Viliame, binamu yake na mwenzake darasani, alipochungulia begani mwake.

"Binamu, huyu bibi ni Elisapeci au Ilisapeci?"

"Elisapeci."

"Una hakika?"

Losalini akafungua daftari. Lahaula! Tone la mvua lilikuwa limeuvamia ukurasa, likaifuta herufi ya kwanza, pakabaki doa la buluu, na nyuma yake "lisapeci Nabainivalu" limesimama bila kichwa.

"Mpigie simu."

"Hana simu."

"Andika E basi. Wengi ni E."

"Na ikiwa I?"

"Mwakani nitakuja kukusalimia hapa hapa darasani, binamu. Nitakuletea mihogo," akasema Viliame, akicheka mpaka akashika meza.

Losalini akavaa koti la mvua kama shujaa avaavyo deraya, akalitia daftari kifuani, akaushuka mlima kwa miguu, madimbwi yakimpokea moja baada ya jingine, naye asirudi nyuma hata hatua moja.

Sokoni, meza ya bibi ilikuwa imefunikwa turubai. Losalini akawauliza majirani wawili wa meza hiyo, Semi muuza samaki na mama Taina muuza mihogo.

"Nani? Bibi Duruka? Kumbe ana jina jingine?" akashangaa mama Taina.

"Elisapeci!" akanguruma Semi. "Miaka kumi na miwili namuuzia samaki. Ni E!"

"Nyamaza, Semi! Jina la mkeo umelichanja mkononi na bado umelikosea! Ni I!" akafoka mama Taina, ghafla akilijua jina.

Soko likapasuka pande mbili: jeshi la E likajipanga penye samaki, jeshi la I likashika ngome ya mihogo, na wauza tangawizi wakasitasita katikati. Makelele yakapaa mpaka mtu akapendekeza kura. Mikono ikahesabiwa. E ikapata kumi na tisa, I kumi na nne.

"Tumeshinda! Andika, mwanangu, uende zako!" akasema Semi.

Losalini akapanda juu ya kreti tupu. "Enyi watu wa soko! Kura zenu nimeziona, na jasho lenu nimeliheshimu. Lakini jina la mtu halichaguliwi na jirani! Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ukumbi wa kanisa, mazoezi ya kwaya," akasema mama Taina. "Si ungeuliza tangu mwanzo."

Ilikuwa saa nane na robo. Ukumbini kwaya ilikuwa ubeti wa tatu kati ya tisa, na kiongozi wake alikuwa mtu wa kuogopwa. Losalini akapenya mstari wa nyuma, akasimama kando ya bibi, akafungua kinywa na kuimba, kwa sauti ileile ya wimbo:

"Bibi, jina lako, ni E au I?"

Bibi, bila kuondoa macho kwa kiongozi, akaimba naye: "Nyamaza, mjukuu, tufike amina!"

Beti sita zikapita kama miaka sita. Amina ilipofika, bibi akamgeukia.

"Wewe si yule wa jana? Umekimbia mvua yote hii kwa ajili ya herufi?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akacheka. "Cheti cha ubatizo kina E. Cha kuzaliwa kina I. Miaka sabini na mmoja kila mtu anaandika apendavyo, na mimi naitika tu."

"Wewe mwenyewe unataka ipi?"

Kwaya nzima ikageuka kusikiliza.

"Mama yangu aliniita kwa I," akasema polepole. "Andika I. Na uiandike kubwa."

Losalini akaiandika kubwa, akaizungushia duara mara tatu, akambusu bibi shavuni, akatoka mbio. Saa tisa kasoro dakika mbili, darasani, amelowa chapachapa, akafuta herufi moja, akaweka moja, akatuma.

Ijumaa matokeo yakatoka: sitini na moja kwa mia. Wino mwekundu ulisema, "Jina ni sahihi. Aya ya tatu inachosha." Losalini akaisoma sentensi ya kwanza mara nne, akapiga vigelegele maktabani, na Viliame akambeba mabegani kuuzunguka ua mara mbili, mara ya tatu kiuno kikamkatalia.

Na gazeti la chuo, lenye habari ile ya duruka, lilipofika sokoni, Bibi Ilisapeci alifuta mikono, akalikunjua juu ya duruka, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza ya jina lake, akakiacha pale. Jeshi la E likasogea kimyakimya, Semi mbele, kofia mkononi.

"Someni," akasema bibi. "Wote. Kwa sauti."

Nao wakasoma, watu thelathini na watatu kwa pamoja, na tarikhi ya visiwa ikafungua ukurasa mpya.