Kamati ya Kumtafuta Mnyonge

Ofisi ya Michezo ya Chuo cha Maple Fork ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba timu yake, Nungunungu, imekamilisha mechi saba za msimu bila usumbufu wowote wa ushindi. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa bwalo na kwenye duka la mbegu. Aliyeliandika ni Duane Hoekstra, Mkurugenzi Msaidizi wa Tathmini ya Matokeo, mtu ambaye cheo chake kilikuwa kirefu kuliko sentensi nyingi alizowahi kuambiwa na mkewe.

Mpira wenyewe ni ule wa kwetu Iowa, Marekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, unaoitwa wa miguu na kuchezwa kwa mikono. Nungunungu hawakuuweza kwa kiungo chochote.

Duane hakuwahi kuandika kwamba timu imefungwa. Timu "ilitanguliwa". Ilipopigwa hamsini na mbili kwa tatu, aliripoti kwamba wadau wa upande wa pili wameridhika sana na huduma. Fahari yake kubwa ilikuwa barua tano alizozitundika ukutani, kila moja kwenye fremu yake. Vyuo vitano vilikuwa vimewaalika Nungunungu kucheza kwenye Sikukuu zao za Kurudi Nyumbani, ile siku ambayo wahitimu hurudi chuoni pamoja na wake zao, wakavaa sweta za zamani na kupiga kelele.

Bi Darlene Pospisil, aliyefua jezi za chuo kwa miaka thelathini na moja, alisimama mbele ya zile fremu na kikapu chake.

"Duane, hivi umezitundika za nini?"

"Heshima hiyo, Bi Darlene. Vyuo vyote hivyo vimetuchagua sisi."

"Wahitimu wakirudi nyumbani wanataka kuona nini?"

"Ushindi."

"Wa nani?"

Duane alizitazama barua moja baada ya nyingine. Alipofika ya tano masikio yalikuwa yamemwiva.

"Haya," alisema Bi Darlene, akikiegemeza kikapu kiunoni. "Mimi naenda kufua madoa ya nyasi."

Sasa sikukuu ya Maple Fork yenyewe ilikuwa imebakiza siku kumi, na chuo kilichokubali kuja kupigwa kilikuwa kimevunja timu yake. Rais wa Chuo, Dakta Thornburg, alitoa agizo: kwenye mechi ya sikukuu ashindwe mtu mwingine, siyo sisi. La sivyo, Kocha Verlyn Tjaden afukuzwe Jumatatu.

Barua ya kumfukuza ilikuwa kwenye droo ya Duane, imeshachapwa, inasubiri tarehe tu. Kila alipotafuta kalamu aliiona, na roho ilimuuma. Yeye na Verlyn walicheza pamoja ujanani. Duane alipovunjika mguu, Verlyn ndiye aliyembeba hadi nje ya uwanja, akimsema njia nzima kwamba anakimbia huku akiangalia chini. Mtu kama huyo humtumii barua yenye nambari ya kumbukumbu.

Ikaundwa Kamati ya Kumtafuta Mnyonge: wajumbe kumi, Rais akiwa mwenyekiti na Duane katibu. Hadidu za rejea zilikuwa wazi. Mpinzani awe dhaifu kuliko Nungunungu, awe na nafasi Jumamosi ile ya sikukuu, na asitoke mbali. Waliandikia vyuo kumi na tisa. Kumi na vitano vilijibu kwamba havina nafasi. Vinne vilijibu kwamba vilikuwa karibu kutuandikia vyenyewe, kwa ajili ya sikukuu zao.

Kikao cha mwisho kilifanyika mchana, siku ya supu ya maharage na pilipili, ambayo kwetu huliwa na mkate wa mdalasini. Harufu ilikuwa inatoka bwaloni. Rais alipiga meza.

"Tatizo ni vijana hawana moyo! Enzi zetu tulicheza na homa. Nasema hivi: hata sisi tuliomo humu, leo hii, tungewanyoosha!"

"Kabisa!" walisema wajumbe, mdogo wao akiwa na miaka hamsini na minne.

Bi Darlene alichungulia mlangoni. "Samahani, Dakta. Hiyo Jumamosi nifue jezi za nani?"

Duane alimtazama, kisha akainamia muhtasari wake. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri: Imeazimiwa kwamba Kamati, kwa kuwa imejitathmini na kujiona inaweza kuwanyoosha Nungunungu, iwe mpinzani wa Jumamosi. Wajumbe wote walitia saini bila kusoma, kama walivyotia saini kila kitu tangu chuo kijengwe, kwa sababu supu ilikuwa inapoa.

Alhamisi muhtasari ulitoka kwenye gazeti la wilaya. Rais aliingia ofisini akilipunga.

"Duane! Futa huu upuuzi!"

"Azimio lililochapishwa halifutwi ila kwa kikao kingine, Dakta, na taarifa ya siku saba. Kanuni ya kumi na nne."

"Nani mpumbavu aliyetunga kanuni hiyo?"

"Saini ni yako, Dakta."

Duane alikuwa bado anajipongeza moyoni wakati Bi Darlene alipomwekea mezani mabega ya plastiki.

"Ya nani haya?"

"Yako. Katibu si mjumbe?"

Hilo hakuwa amelifikiria.

Jumamosi watu elfu nne walikuja, idadi ambayo Nungunungu hawakuwahi kuiona maishani. Vijana walikuwa na adabu. "Samahani, Dakta," walisema kwanza, ndipo wakamlaza. Mhasibu Mkuu, naye mjumbe wa Kamati, alipewa mpira akaurudisha, akidai haukuwa na kiambatisho. Ilikuwa sitini na moja kwa bila pale Duane alipoudaka mpira kwa bahati mbaya, akakimbia hatua sita akiangalia chini, na kijana wa kilo mia moja na thelathini akamkalia.

Alipofumbua macho, Verlyn alikuwa anamwinua.

"Bado huangalii mbele, wewe bwege."

"Umeshinda, Verlyn."

"Nimemshinda nani, kaka? Wazee kumi?"

"Mpinzani aliyeidhinishwa," alisema Duane, na akalia machozi, kwa furaha na kwa mbavu. Bendi ilipiga wimbo wa ushindi. Ubeti wa pili walikuwa wameusahau, wakaupiga wa kwanza mara mbili.

Jumatatu Duane, mkono ukiwa umefungwa shingoni, aliichana ile barua kwa meno. Hakuwa amemaliza Rais alipoingia akichechemea, kola ya hospitali shingoni, bahasha tatu mkononi na machozi yakimlengalenga.

"Duane, soma. Vyuo vitatu! Vinaiomba Kamati yetu, siyo wale vijana, Kamati, ije kucheza kwenye sikukuu zao mwakani. Unaona heshima hiyo? Wametuchagua sisi!"

Duane alizisoma zote tatu. Mlangoni Bi Darlene alikuwa amesimama na kikapu.

"Nijibuje, Dakta?"

"Kubali zote!"

Duane aliliandika kama azimio, akampa atie saini, kisha akaenda kutafuta fremu.