Kidole cha Baba Mdogo Kabla ya Ntheo

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi Masila, kichwa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuacha shule katika Fomu ya Pili hapa Kathiani, nina kazi kubwa. Jumamosi tunapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Ndinda, mchumba wangu, kule Kangundo. Bila ntheo, kwetu Wakamba huna mke, una rafiki tu! Msemaji wangu ni baba mdogo Henry. Na leo kidole gumba cha mguu wake kimevimba kama nyanya. Shuka likikigusa, analia. Babake Ndinda alishasema mbuzi wasije bila msemaji. Na Muema, yule fundi wa kuchomelea vyuma, anangoja tu niteleze amchukue Ndinda. Tayari amenyoa.

Nesi Kavindu amesema ni gauti, yaani jongo. Amempa tembe, kisha akasema chakula huuchochea huo moto wa ndani au huutuliza. Aache maini, figo, matumbo, nyama nyekundu na pombe. Ale mboga, matunda, anywe maji mengi. Nikamwambia asijali, mlinzi ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Mambo safi. Matumbo ya baba mdogo nimeyala mimi. Maini pia. Mtu wa familia lazima ajitolee! Nimemfuma kwa bucha na kikombe cha supu. Akadai supu si nyama, ni maji tu yaliyopita karibu na mbuzi. Nikamnyang'anya, nikaimaliza. Akanuna kama mtoto. Nikamhurumia, nikamnunulia soda. Chupa kubwa, baridi. Soda haina nyama wala pombe. Akili zangu!

Jumatano, 6 Agosti

Soda asubuhi, soda mchana, soda jioni. Baba mdogo ananiita mwanangu mpendwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kidole kimekuwa embe! Kavindu ameuliza mgonjwa alikunywa nini. Nimejibu kwa kifua mbele: soda. Akanitazama vile watu humtazama ng'ombe aliyekula sare ya shule. Akasema sukari ya soda nayo huchochea gauti, na kwamba ugonjwa wenyewe ni mimi. Baba mdogo akanirushia kiatu. Muema amepita na pikipiki, akauliza mbuzi wanaendeleaje. Ng'o!

Ijumaa, 8 Agosti

Tembe kwa wakati. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na majani ya kunde. Papai. Maji. Maji tena. Baba mdogo amelalamika kwamba nimemgeuza sungura. Nikamuuliza kama aliwahi kuona sungura anachechemea.

Jumamosi, 9 Agosti

Uvimbe umeshuka! Si wote, lakini ameingia Kangundo mguu mmoja kiatu, wa pili slipa, akaongea kama askofu. Mbuzi wakapokewa, wakachinjwa. Halafu balaa. Msemaji akaletewa sahani ya maini, heshima yake, na kukataa ni kuwatusi wenye boma. Wazee wote wanamtazama. Ningefanya nini? Nikaruka nikayala. Yote. Mbele ya wazee!

Mzee Mutinda, babake Ndinda, akauliza kama mimi nililelewa na fisi. Ndinda akajifunika uso kwa leso. Nikaona harusi ya Muema waziwazi. Ndipo baba mdogo akavua slipa, akaonyesha kidole, akaeleza maneno ya nesi. Mutinda akainama, akavua soksi. Kidole kile kile! Naye amekatazwa maini, ila aliona haya kusema mbele ya wageni. Wakacheka hadi machozi, wakaagiza muthokoi, wakala kwa sahani moja kama mapacha. Ntheo imepita! Ndinda ni wangu!

Jumapili, 10 Agosti

Simu ya mkwe! Anaheshimu ujuzi wangu. Anauliza, sasa kwa vile soda nayo ni mwiko, mtu mwenye hamu ya kitu kitamu afanyeje. Daktari Masila hashindwi. Nimemwambia atafune miwa kadiri apendavyo. Muwa haujapitia kiwandani, hauna mapovu, ni mboga tu iliyosimama wima. Nimemtumia mzigo mzima kwa bodaboda. Kavindu akae aone vile watu hutibiwa.