Bunduki Isiyochagua Risasi

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tangu asubuhi. Stoo ya kiwanda cha magodoro inavuja juu ya meza yangu hasa. Nimehamisha meza. Tundu nalo limehama.

Lakini leo nyota yangu imewaka! Nikitoka kazini nilipitia duka la bunduki la yule tunayemwita Bwana Punguzo, maana kwake kila kitu kina punguzo, hata salamu. Ameleta bunduki mpya ya marisawa, nusu otomatiki, ya bei chee. Unafyatua, ganda linaruka lenyewe, risasi nyingine inapanda yenyewe. Kitako cha plastiki nyeusi. Nyepesi kama mwavuli. Anatafuta mtu wa chama chetu cha wawindaji aijaribu, kisha aieleze mbele ya wanachama. Wakiikubali, picha yangu itabandikwa dukani, nimeishika bunduki, na chini yake neno moja tu: MTAALAMU.

Mtaalamu! Mimi ambaye chamani kazi yangu ni kubeba birika.

Mke wangu akauliza hiyo picha itatufaa nini. Nikamwambia kuna mambo ya heshima ambayo hayaelezeki. Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza kula.

Jumanne, 7 Mei

Baba mkwe ameniita. Ndiye mwenyekiti wa chama. Fundi saa mstaafu. Mikono yake imeshika vidude vidogo kuliko ufuta kwa maisha yake yote. Mwaka jana alipasuliwa bega. Bunduki yake ya zamani, ya mitutu miwili, inapiga teke kama punda, na daktari ameikataza katakata.

Akaniambia, "Mwanangu, nataka msimu mmoja tu. Niwasikie bata wakishuka, nipige, nirudi nyumbani. Lakini bega halitaki risasi nzito tena. Hiyo bunduki ya Punguzo inakubali risasi nyepesi?"

Nikasema nitaichunguza.

"Basi ukishaichunguza, niambie kweli. Sina msimu wa kukosea."

Maneno yalinigusa, sikatai. Sema shemeji yangu alikuwa kakaa pembeni, kaka wa mke wangu, muuza nyama. Tunamwita Bucha. Akauliza kwa nini kazi ya kujaribu bunduki apewe mtu aliyelenga kanga akapiga tenki la maji la wenyewe. Wakacheka wote. Mimi nasema hivi: mkono uliolipata tenki kwa umbali ule si mkono wa kudharauliwa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya jino. Nikaenda machimbo ya kokoto yaliyoachwa, na godoro bovu la kiwandani begani. Nikalisimamisha kwenye ukuta wa mawe. Nikaanza uchunguzi.

Uzito: safi. Kifyatulio: kigumu kama komeo lenye kutu, lakini mtu anazoea. Marisawa yanatawanyika vizuri, yanavuta kidogo kushoto. Risasi nzito zinakwenda kama maji! Paa, paa, paa, maganda yanaruka yenyewe, raha tupu. Ila teke lake! Wepesi wote ule wa bunduki unalipiwa na bega. Nilikaa chini nikaomba dua.

Kisha nikatia risasi nyepesi. Paa. Kimya. Ganda limechungulia nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, haliingii, halitoki. Nikalichomoa kwa kisu. Nikajaribu tena. Limekwama. Nikasafisha, nikatia mafuta, nikaibembeleza. Limekwama. Risasi nyepesi haina nguvu ya kusukuma ule mtambo wa ndani, basi.

Kwa ufupi: kwa risasi nzito ni bunduki. Kwa risasi nyepesi ni fimbo.

Nimempelekea Punguzo habari hiyo. Akasema ni upya tu, bunduki ni kama kiatu, italegea mguuni. Akaongeza kwamba mpiga picha anakuja Jumamosi, na kwamba nivae koti.

Ijumaa, 10 Mei

Sijala vizuri. Nimefikiria mchana kutwa juu ya ngazi ya stoo. Nikisema kweli, hakuna picha. Nikisema uongo, baba mkwe ataumia.

Lakini kama italegea? Kiatu kipya kinalegea. Hata mlango wa choo chetu ulilegea. Kwa hiyo si uongo. Ni kweli iliyotangulia wakati wake.

Nimekata kipande kinene cha sponji ya godoro la daraja la kwanza. Nimekishona ndani ya koti, begani. Mke wangu kaniona na sindano akauliza kulikoni. Nikasema mtindo.

Jumamosi, 11 Mei

Ushindi! Wanachama wote walikuja uwanja wa shabaha, kwenye matope. Nikatia risasi nzito, nikasema ni mchanganyiko. Paa, paa, paa! Haikusita hata mara moja. Na mimi natabasamu kama bwana harusi. Nikawaambia teke lake ni kama mtoto anayekugusa bega akitaka maji ya kunywa.

Bucha akanitazama. Akasema shemeji umenenepa bega moja. Nikasema ni misuli ya mazoezi.

Baba mkwe akasogea karibu kabisa. Akauliza mbele ya wote, "Na risasi nyepesi?"

Nikapiga moyo konde. "Baba, hii bunduki haichagui risasi. Inameza zozote."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema anainunua leo leo. Mpiga picha akapiga hapo hapo.

Nimerudi nyumbani na homa kidogo. Itakuwa ni furaha.

Jumatano, 15 Mei

Picha imebandikwa. Nimefumba macho. Na hilo neno lina makosa: MTALAMU. Punguzo amepunguza hata herufi.

Mke wangu amemnunulia baba yake risasi mwenyewe. Nyepesi tupu. Nilimshauri kwa upole achanganye na nzito. Akaniuliza kama nimesahau bega. Nikanywea.

Basi nikaenda kwa baba mkwe, nikamwambia bunduki mpya lazima isafishwe na mtaalamu. Akanipa bila neno. Nikaikimbiza machimboni, nikapiga risasi nyepesi mpaka mvua ikanilowesha hadi mfupa, nikitaka ilegee. Haikulegea. Kilicholegea ni mimi. Nimeirudisha ikimetameta. Akanishukuru, akasema mwanawe alipata mume.

Roho yangu haiko sawa. Lakini bata wenyewe huenda wasije.

Jumamosi, 18 Mei

Walikuja.

Alfajiri kwenye matete ya bwawa. Baridi. Maji yalitufika vifundoni. Baba mkwe alikaa kwenye kigoda chake ndani ya matete, mimi kulia kwake, Bucha kushoto. Sijawahi kumwona mzee mwenye furaha ile. Alikuwa akinong'ona peke yake.

Bata wa kwanza alipita mmoja, juu kabisa. Akampiga! Bata akadondoka majini, na mzee akacheka kicheko chembamba, cha mtoto. Bucha akapiga makofi. Nami nikapiga. Kwa kitambo kile niliamini kweli kwamba imelegea.

Kisha likaja kundi zima. Wanashuka, wanakuja upande wetu, chini, unaona miguu yao. Siku ambayo mwindaji huisimulia mpaka kufa. Mzee akainua bunduki, akafyatua. Kimya. Akafyatua tena. Kimya. Nikaliona ganda limechungulia. Akaanza kuhangaika nalo kwa vidole, vidole vyenyewe vimekufa ganzi kwa baridi, vinatetemeka, vinateleza. Bata wakapita juu ya kofia zetu. Bucha naye hakupiga. Alikuwa akimtazama baba yake.

Likabaki bwawa na mawimbi madogo.

Mzee akaviangalia vidole vyake kwa muda mrefu. Akasema, "Mikono imetangulia. Imekufa kabla yangu."

Kinywa changu kilifunguka. Naapa kilifunguka. Nikasikia kikisema, "Ni baridi, Baba."

Akasema si baridi. Akasema ameharibu kitu fulani hapo, hajui kipi, na kwamba zamani angekirekebisha macho yakiwa yamefumbwa. Akanipa bunduki niibebe. Yule bata mmoja tumemsahau majini.

Jumatatu, 20 Mei

Baba mkwe hatoki chumbani. Bunduki yake ya zamani amempa Bucha. Vifaa vyake vya saa, bisibisi zile ndogo, amemwambia mke wangu azitupe. Hazijatupwa. Ziko mezani kwetu, kwenye kitambaa, nakula nikiziangalia.

Mke wangu kaniuliza, bila kugeuka, akiwa anaosha vyombo: bunduki ilikuwa nzima?

Nikasema nzima.

Akaendelea kuosha sahani moja ile ile.

Jumatano, 22 Mei

Bucha amekuja kiwandani. Damu ya ng'ombe kwenye aproni, kisu kiunoni. Mwenye magodoro akajificha ofisini.

Alikuwa ameichukua ile bunduki ya Punguzo akaijaribu mwenyewe. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Akasema, "Shemeji, ulijua." Nikajitia hamnazo, nikauliza nilijua nini. Akasema, "Mzee amelala anautazama ukuta. Anadhani amekwisha. Mimi nakwenda kumwambia leo. Na wewe nenda ukamwambie kwa kinywa chako. Ukiwa mwanamume."

Akaondoka. Nimebaki kwenye stoo kama kuku aliyenyeshewa. Nadhani ananionea wivu kwa sababu ya picha. Lakini hata mimi mwenyewe sikuliamini nilipolifikiri hilo.

Ijumaa, 24 Mei

Nimekwenda! Naandika hili ili ijulikane: nilikwenda kusema kweli. Nilifanya mazoezi njiani. "Baba, nilikudanganya." Maneno mawili. Nilimwambia mbwa mmoja barabarani, yakatoka vizuri sana.

Chumba kilikuwa na joto la mtu mgonjwa. Uji umeganda kwenye kikombe. Mzee amelala, ameficha mikono chini ya shuka kama mtu mwenye aibu nayo. Amekonda. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikasema, "Baba..."

Akanikatiza. "Afadhali umekuja wewe. Juzi alikuja mwanangu. Akaniambia bunduki ni mbovu, inakwama yenyewe. Kwamba wewe ulinidanganya."

Maji yakanifika shingoni.

"Maskini Bucha," akasema. "Anataka kunituliza. Kanihurumia mpaka anamsingizia shemeji yake. Wote wananihurumia sasa. Hata daktari. Lakini wewe hukunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulisema bunduki ni nzuri, na hata siku ile bwawani hukuitupia lawama ili kunifurahisha. Mtu mmoja tu wa kweli nimebaki naye, mwanangu, na ni mkwe."

Akatoa mkono chini ya shuka. Akaushika wa kwangu. Ulikuwa hautetemeki hata kidogo. Mkono imara, mkavu, wa fundi. Nikauona. Yeye hakuuona.

Sasa ningesema nini? Mtu anakuita wa kweli, umjibu kwamba ni mwongo? Si ungekuwa unamwambia kwamba amekosea tena?

Nikasema, "Ahsante, Baba."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui kwa muda gani.

Jumamosi, 25 Mei

Mke wangu amehamia kwa baba yake, kumhudumia. Amechukua zile bisibisi. Hakuchukua picha yetu ya harusi. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema anamsubiri mtu fulani aseme jambo fulani. Nikamuuliza nani. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati nje ndani.

Nimekula mkate mkavu. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mvua haijakatika. Nimeamua: kesho nakwenda kusema, hata kama ulimi utaungua. Safari hii sikai kitandani. Nasema nikiwa nimesimama.

Jumapili, 26 Mei

Nilitoka mapema. Nia safi kabisa. Tatizo ni kwamba njia ya kwenda kwa baba mkwe inapita mbele ya duka la Punguzo.

Alikuwa anafungua makasha. Mishipi ya kuvulia samaki! Aina mpya, ya betri. Unabonyeza kitufe, uzi unajikunja wenyewe, samaki anakuja mwenyewe. Haihitaji vidole kabisa. Haihitaji hata bega. Punguzo akasema anatafuta mtu anayeaminika kuieleza kwa wazee. Akasema picha safari hii itakuwa kubwa, kwenye dirisha la barabarani, na neno litaandikwa na mtu aliyesoma.

Nikasimama pale, machozi yakanilenga. Huu si mkono wa Mungu ni nini? Kwa nini nimvunje moyo mzee kwa habari za zamani, wakati ninaweza kumpa bwawa lake tena?

Nimeingia chumbani kwake, nikasimama kama nilivyokusudia, nikamweleza. Mwanzo hakugeuka. Halafu akageuka. Halafu akakaa kitako, mara ya kwanza tangu siku ya bata, akamwomba mke wangu uji. Akaniuliza kama huo mshipi unaaminika kweli, maana aibu nyingine hataiweza.

Mke wangu akaweka kikombe chini. Akanitazama, akingoja.

Nikamwambia Baba ni mzuri ajabu, hauchagui samaki.

Kesho nitaujaribu.